Kutoka Bunazi Hadi Mucwini

Kwetu Bunazi, wilayani Missenyi, watu wa rika la bibi yangu hawalitaji jina la Idi Amin. Wanasema nduli, kama Mwalimu Nyerere alivyomwita mwaka 1978, na wakishasema hivyo mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kahawa. Nyumba yetu iko kaskazini ya mto Kagera, upande ule ambao Amin aliutangaza kuwa ni wa Uganda mwanzoni mwa Novemba mwaka huo. Askari wake walibeba ng'ombe, mabati, magodoro, hata milango. Daraja la Kyaka wakalilipua. Bibi alikuwa ameshavuka, kamshika mama yangu mkono, lakini kaka yake alirudi kuwatafuta ng'ombe wake na hajaonekana mpaka leo. Hana kaburi. Pale Kyaka yapo magofu ya kanisa lililopigwa mabomu, nasi wajukuu tulikua tukiyapita kila siku ya gulio bila kuyatazama.

Kwa hiyo mchungaji wetu aliponiazima kijitabu kiitwacho I Love Idi Amin nilidhani ananitania. Kiliandikwa mwaka 1977 na Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ambaye Watanzania tuna haki ya kumwita mwalimu wetu maana alifundisha Dodoma miaka ya 1940 na 1950. Februari ya mwaka ule Amin alikuwa amemuua Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa la Uganda. Festo alijua zamu yake imekaribia. Akavuka milima kwa miguu usiku, yeye na mkewe Mera, wakaingia Rwanda. Ijumaa Kuu ilimkuta London, amekaa kanisani, akasikia yakisomwa yale maneno Yesu aliyowaombea waliomsulubisha. Akajiuliza kama Amin naye yumo ndani ya maombi hayo, na hakupata njia ya kumtoa. Anaeleza wazi kwamba alikuwa amemchukia mtu yule na chuki ilikuwa inamla yeye mwenyewe.

Nilikisoma, nikakirudisha, nikakiazima tena. Msamaha wa Festo haukunikera. Ni wake, naye alikuwa na la kusamehe. Kilichonikera ni jina la kitabu. Jaribu kukifungua kwenye basi la Bukoba uone utakavyotazamwa. Hata hivyo yule askofu mkuu aliyeuawa hakuniacha. Nikataka kuliona kaburi lake, kijijini Mucwini, kaskazini kabisa mwa Uganda, ambako si mbali na mpaka wa Sudan Kusini. Sikuwa nimewahi kuvuka Mutukula, ingawa kutoka nyumbani ni safari ya muda mfupi kwa gari la abiria. Nilipokwenda kuaga, bibi alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani akasema, “Nenda salama, mjukuu wangu. Ila usimsamehe mtu kwa niaba yangu.”

Mutukula haina maajabu. Unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, wabadilisha fedha wanakuvuta kanzu, na ghafla bodaboda zote ziko upande uleule wa barabara lakini bei zinatajwa kwa shilingi nyingine. Kihaya chetu na Kiganda chao vinaelewana nusunusu, ya kutosha kununua chai. Mafunjo, migomba, mafunjo tena, halafu Masaka.

Masaka nilishuka kubadilisha gari, na huko ndiko safari yangu ilikogeuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chakula, matoke na mchuzi wa karanga mbele yangu, mzee mmoja mshonaji wa jirani akanisikia lafudhi. “Mtanzania?” Nikaitika, ndiyo, ssebo, yaani bwana. Akainua kidole chake chenye tondoo akanionyesha ng'ambo ya barabara: pale palikuwa na ghorofa, pale palikuwa na duka la Mhindi, kule kulikuwa na nini sijui. “Ninyi ndio mliotubomolea,” alisema, kwa sauti ileile ambayo mtu angekuelekeza posta ilipo. Kisha akacheka. Askari wa Tanzania walimpa biskuti, akiwa kijana mdogo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kula biskuti za bati.

Nilikuwa nimesoma habari za vita vile shuleni, nimeimba nyimbo zake, nimesimama kwenye mnara wake. Sikumbuki kufundishwa kwamba jeshi letu lilipoitwaa Masaka mwishoni mwa Februari 1979, sehemu kubwa ya mji ililipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera, na Mbarara nayo ikapata yake. Waliozikwa na vifusi vile hawakuwa wamemchukulia bibi yangu ng'ombe. Wengi wao walikuwa wakimsubiri mkombozi. Huyu mzee alitupokea kama wakombozi na kama wabomoaji siku ileile, na miaka yote hiyo amezibeba kumbukumbu zote mbili bila kuiacha moja ianguke. Nilitamani kumwomba radhi, lakini sikujua ningeombea nini, kwa mamlaka ya nani. Nilimlipia chai. Akaikubali.

Kuanzia hapo nikaanza kuitazama barabara kwa jicho jingine. Kampala sikukaa, niliomba tu dereva wa boda anipitishe mbele ya Serena, hoteli yenye bustani na maji yanayoruka, walinzi wakipitisha vioo chini ya magari. Zamani iliitwa Nile Mansions. Usiku wa 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwa Luwum, Namirembe, wakapekua wakitafuta silaha, hata vyumba vya watoto. Hawakupata kitu. Maaskofu wakakutana, wakamwandikia Amin barua, wakaitia saini. Hawakuandika kwa mafumbo: walilalamikia upekuzi ule, mauaji, watu wanaopotea, na bunduki za serikali zinazowageukia raia. Tarehe 16 wakaitwa hapa, wakasimamishwa juani mbele ya silaha zilizopangwa kama ushahidi, tuhuma ikasomwa kwamba askofu mkuu anapanga njama na Obote, rais ambaye Amin alimpindua, na askari wakapiga kelele kwa Kiswahili cha kambini kwamba auawe. Luwum akamnong'oneza Festo kwamba watamuua, naye haogopi. Wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Hakuna aliyeiamini ajali ile hata mchana mmoja.

Naomba msomaji aishike barua hiyo, kwa sababu wengi tunaohubiri huruma ya Luwum huwa tunaipita.

Basi la Gulu linapita Luwero. Hapa, kati ya mwaka 1981 na 1985, raia waliuawa kwa maelfu wakati jeshi la serikali lilipopambana na waasi wa Museveni. Katika jeshi lile Waacholi walikuwa wengi. Miaka kama kumi kabla ya hapo, Amin alikuwa amewachinja askari wa Kiacholi na Kilangi kambini. Alipoanguka, baadhi ya walionusurika wakaenda West Nile, nyumbani kwa Amin, kumalizia hasira kwa watu wa kwao. Kule Ombaci, karibu na Arua, Juni 1981, waliwaua watu waliokimbilia misheni ya Kikatoliki. Museveni aliposhinda mwaka 1986, jeshi lake nalo likapanda kaskazini, na kila Mwacholi akajua ni zamu ya nani. Katika hofu hiyo ndimo alimotokea Alice Lakwena, na baada yake Joseph Kony, wote wawili viongozi wa waasi. Kagera, Masaka, Ombaci, Luwero, Gulu: kila mmoja ana tarehe yake ya kuanzia hadithi, na kila tarehe ni ya siku yeye alipoumizwa.

Wauza kuku wa kuchoma walining'iniza mishikaki madirishani Migyera. Abiria mwenzangu alinunua na mihogo, akanigawia. Baada ya hapo nchi ikakauka, migomba ikaisha, na tukalifikia daraja la Karuma, Nile ikichemka nyeupe chini yake, nyani wamekaa kando ya lami wakisubiri maganda. Kuna wakati magari hayakupita hapa bila msafara wa jeshi. Sasa kuna bwawa la umeme.

Mbele kidogo ni njia panda ya Kamdini. Kulia unakwenda Lira. Mwenzangu wa mihogo alikuwa anashuka hapo, mwalimu wa kike, Mlangi, na nilipomwambia ninakokwenda akaniuliza kama nimewahi kumsikia Angelina Atyam. Nilikuwa nimesoma habari zake, ila alinisimulia tena, na kwa kuwa basi lilisimama muda mrefu kupakia magunia ya ufuta, alisimulia yote.

Angelina ni mkunga wa Lira. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996 waasi wa Kony waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakaondoka na wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, akawafuata porini yeye na mwalimu mmoja, akabishana na kamanda, akarudi na wasichana 109. Kamanda akabaki na 30. Mmoja wao alikuwa Charlotte, binti wa Angelina. Wazazi wakawa wanakutana kanisani kufunga na kusali. Siku moja, katikati ya Sala ya Bwana, wakafika kwenye ombi la kusamehewa kama tunavyowasamehe wengine, na sauti zikakatika. Hakuna aliyeweza kuendelea. Wakatoka nje bila kuimaliza. Ilichukua muda mpaka wakairudia, na Angelina aliporudia hakuishia kwenye sala: alikwenda kumtafuta mama wa yule kamanda aliyemshikilia mwanawe, akamwambia kwamba amemsamehe yeye, mwanawe, na ukoo wao. Wale wanawake wawili wakakumbatiana.

“Watu wakifika hapo wanasema amina,” alisema yule mwalimu, “lakini haikuishia hapo.” Angelina hakunyamaza. Alizunguka dunia akieleza, mpaka akapewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998. Waasi wakamtumia ujumbe: nyamaza, tutakurudishia wako. Akajibu kwamba wote ni wake. Hawezi kumchukua mmoja akawaacha wa wenzake. Nyumbani kwake hawakumwelewa. Charlotte alitoroka mwenyewe mwaka 2004, na watoto wawili.

Mwalimu akashuka na mkoba wake. Nilibaki nikihesabu: miaka karibu minane tangu usiku ule wa Aboke, na mama yake alikuwa amesema hapana.

Gulu nililala tu. Asubuhi gari dogo likanipeleka Kitgum, lami yote, na Kitgum nikapata bodaboda. Dereva wake, mtu mzima hasa, alikuwa anajua Kiswahili, jambo lililonifurahisha mpaka alipoeleza alikokipata. Alichukuliwa na waasi akiwa mtoto, akatoka porini, akapewa cheti cha msamaha chini ya sheria ya mwaka 2000, kisha akaingia jeshini, na jeshini ndiko alikojifunza. Zaidi ya watu 26,000 wamepewa msamaha chini ya sheria ile. “Serikali ilinipa karatasi,” alisema juu ya upepo. “Nyumbani walinikanyagisha yai.” Ni desturi ya Waacholi: anayerudi kutoka mbali analikanyaga yai bichi langoni, penye kijiti cha mti uitwao opobo, ndipo anaingia uani. Yai halijui kusema uongo, alinieleza, halina mdomo. Nikamuuliza kipi kati ya hivyo viwili kilimsaidia. Alifikiri kwa muda wa kona mbili. “Karatasi ilizuia polisi. Yai lilimzuia mama asiogope kulala nyumba moja na mimi.”

Njiani tulisimama kununua maji. Bibi kizee alikuwa amekaa barazani anapepeta ufuta kwenye ungo. Niliongea na dereva wangu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, nikimuuliza bei. Mikono ya bibi ikasimama. Hakututazama. Akauweka ungo chini taratibu, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na tukasikia komeo. Mjukuu wake, binti wa sekondari, aliona haya akatuuzia maji. “Amekisikia kwa askari,” dereva alisema tulipoondoka. “Wa Amin, wa Obote, hawa wa sasa. Waliokuja usiku wote walikuja na hicho.” Mimi nimekulia kwenye lugha hii kama lugha ya shule, ya ibada, ya taarabu na ya mapenzi. Tangu pale mpaka Mucwini nilinyamaza.

Mucwini katika Februari ni vumbi, nyasi zilizochomwa, na miti mikubwa ya yaa inayotoa mafuta ya kupaka. Mahali penye kaburi palikuwa pameshapambwa mahema kwa ajili ya sherehe. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa zima. Mahujaji wengine walifika kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni. Katekista mmoja alinipeleka mpaka kaburini. Ni kaburi la saruji, la kawaida. Nyumbani kwetu matajiri wana makubwa zaidi. Sanamu ya Luwum iliyosimamishwa mwaka 1998 juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, ni ya fahari kuliko mahali alipolala mwenyewe.

Ila habari ya kuzikwa kwake ni ya fahari ya namna yake. Kampala, Namirembe, watu walikuwa wamechimba kaburi kando ya Askofu Hannington na kusubiri maiti ambayo haikuja. Askari walikuwa wameileta huku kimyakimya. Lakini ilikuwa Februari, kama sasa, ardhi imekauka kama jiwe, na wachimbaji hawakumaliza kabla ya giza. Jeneza likalazwa kanisani. Usiku ule watu wa nyumbani walilifungua wakaona matundu ya risasi, na ajali ya gari ikaishia hapo. Katekista aligonga ardhi kwa kisigino. “Hii ndiyo iliyosema,” alisema.

Kisha, bila mimi kumuuliza, akaniambia ya mwaka 2002. Mtu mmoja aliyekuwa ametekwa aliwatoroka waasi, akaondoka na bunduki zao. Waasi wakaja Mucwini kulipiza, na tarehe 24 Julai wakaua watu 56 wa hapa. Wauaji wakarudi porini. Waliobaki wakawa na jirani tu wa kumkasirikia, yaani ukoo wa yule mtoro. Koo mbili zilizokuwa zikioana na kukopeshana majembe zikaacha kula pamoja, zikapitana kisimani bila salamu. Hii ndiyo sehemu ya habari niliyokuwa sijaitarajia: kijiji cha shahidi aliyewaombea maadui kilikuwa kijiji cha kawaida, kilichoshindwa kama vijiji vingine.

Iliwachukua miaka. Wazee wa koo zote mbili walikaa vikao vingi kabla ya kufika kwenye mato oput, kikombe cha suluhu cha Waacholi. Ukweli unatajwa kwanza, wote, mbele ya watu: nani alifanya nini, nani alikufa. Fidia inakubaliwa. Kondoo na mbuzi wanakatwa, kila upande unabadilishana nusu na mwenzake. Mwisho mzizi mchungu wa mti wa oput unasagwa, unatiwa kwenye pombe, na watu wa pande mbili wanapiga magoti, mikono nyuma, wanainamisha vichwa kunywa kwenye kibuyu kimoja. Kuna walokole wanaosema ni upagani. Katekista aliwahi kusema hivyo, alivyoniambia, kisha akaenda kutazama na hajasema tena. Mimi nilifikiri juu ya kanisa letu, ambako tunaambiwa tupeane amani na mtu wa kiti cha pili kwa sekunde tano, wimbo ukiwa umeshaanza.

Siku yenyewe ilikuwa na hotuba. Nitasema kwa heshima tu kwamba wakubwa walizungumza sana, kila mmoja akimpongeza marehemu kwa ujasiri wa kusema ukweli mbele ya dola, na kwamba jua lilikuwa kali. Sehemu yangu ilikuwa nyuma ya hema la wanawake, chini ya mti, na huko nilikaa kando ya mama mmoja mwenye gauni la Mothers' Union aliyenisalimia kwa Kiswahili safi chenye lafudhi ya Kinubi.

“Mama ametoka wapi?”

“Arua. Na wewe, mwanangu?”

“Bunazi. Kagera.”

Alinyamaza, kisha akacheka kidogo puani. “Basi hapa tumekutana sote.”

Alikuwa msichana Arua wakati wa mauaji ya mwaka 1981. Baba yake alikufa. Wauaji walizungumza Kiacholi. Alikuwa amejificha karibu ya kutosha kusikia. Nami nikamwambia ya mjomba wa mama yangu na ng'ombe. Hakuna kati yetu aliyemwomba mwenzake radhi. Amin alikuwa wa kwao, lakini yeye hakuvuka Kagera. Mimi nilikuwa sijazaliwa Masaka ilipolipuliwa. Nilimuuliza, maana ndilo nililolibeba toka nyumbani, kama anakuja hapa kila mwaka kwa sababu amesamehe.

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza mshahara wa mgeni. “Nakuja kusali na watu hawa,” alisema. “Kuna mwaka naiweza ile sala yote. Kuna mwaka nafika pale nanyamaza, wenzangu wanaimalizia.” Kisha ibada ikaanza, ngoma na adungu zikalia, na ilipofika Sala ya Bwana kila mtu aliisema kwa lugha yake, Kiacholi, Kiganda, Kilugbara, Kiingereza. Yeye na mimi tuliisema kwa Kiswahili. Aliisema mwaka huu mpaka mwisho. Sijui ilimgharimu nini, na sikuuliza tena.

Nimekwishasikia mahubiri mengi juu ya kuwahurumia waliotuumiza, na baada ya Mucwini mengi sasa yananichosha. Yanaanza na msamaha, tena yanamdai aliyeumizwa autoe upesi ili sisi wengine tupumue. Watu niliokutana na habari zao njiani walianzia kwingine. Luwum alitia saini barua kabla hajafa. Festo alimsamehe Amin na akaendelea kumpinga, kanisa kwa kanisa, mpaka Amin akaanguka. Angelina alimkumbatia mama wa kamanda na hakukubali kununuliwa kwa mtoto wake mwenyewe. Koo za Mucwini zilitaja majina kwanza. Wala huruma haikuzifunga mahakama: Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto anakwenda shule na akakua akawa kamanda wa Kony, alihukumiwa The Hague mwaka 2021 kifungo cha miaka 25, na majaji walikipunguza kwa sababu ya utoto ule ulioibiwa. Sioni kwamba hukumu ile iliiondoa huruma. Naona iliipimia mahali.

Bibi yangu naye ana haki yake. Nimempa habari zote, za mzee wa Masaka na za mama wa Arua, akasikiliza huku anachambua maharage. Amin alikufa Jeddah mwaka 2003, hajahukumiwa na mtu yeyote. Bibi amekubali kuandikwa kwa jina la kaka yake kwenye orodha ya marehemu wanaoombewa kanisani kwetu, jambo alilokuwa akilikataa maana kumwombea kungekuwa kukubali kwamba amekufa. La Amin hajasema, wala mimi sitamuuliza.

Ukitaka kwenda Mucwini, fika Kitgum mapema kabla ya 16 Februari, kwa kuwa siku zenyewe vyumba havipatikani. Beba maji na kofia. Jifunze kusema apwoyo, salamu na asante ya Kiacholi, kabla hujafungua mdomo kwa Kiswahili. Na mtu akikukaribisha chini ya mti wake, usimuulize kama amesamehe. Muulize waliokufa walikuwa akina nani, kisha uwe na muda wa kusikiliza.